Kiwavi Hali Kila Jani

Mkulima aliyekwisha kupatwa na viwavijeshi hana haja ya kuhadithiwa. Ameliacha shamba lake likiwa kijani kibichi; baada ya siku chache alirudi akakuta mabua yamesimama uchi kama vijiti vya uzio. Lakini wako wakulima waliotazama kwa makini zaidi, nao waliona jambo la ajabu katikati ya hasara ile. Walikuwa wamechanganya mahindi na maharage katika shamba moja. Mahindi yaliliwa hata ikabaki mishipa ya katikati ya majani. Maharage, yaliyokuwa umbali wa hatua moja tu, yalibaki mazima. Jeshi zima lilipita kando yake likiwa na njaa, wala halikuyala.

Twawauliza wasomaji wetu: ni nani aliyewakataza viwavi wale wasile maharage? Kiwavi hana mama wa kumfunza. Nondo aliyemzaa alitaga mayai yake usiku akaenda zake, wasionane tena. Hata hivyo kiwavi yule wa viwavijeshi wetu wa siku zote ajua kwamba chakula chake ni jamii ya nyasi, yaani mahindi, mtama, uwele, mpunga, ngano na majani ya malisho. Mengine yote kwake si chakula. Na kiwavi wa kabeji naye hutoboa kabeji na sukuma wiki, asijali vitunguu vilivyo tuta la pili.

Katika somo hili twataka kueleza jinsi kiwavi anavyochagua chakula, na jinsi anavyojua wakati wa kuanza na wakati wa kuacha. Yafaa kila nyumba yenye shamba iyajue mambo haya, kwa maana mtu aliyeelewa ni kitu gani kinachofungua kinywa cha kiwavi aweza kuelewa pia namna ya kukifunga.

WALINZI WA MLANGONI

Wengi hudhani kwamba kiwavi ni tumbo lenye miguu, na kwa kutazama ulaji wake hatuwezi kuwalaumu. Kiwavi wa hariri, tangu kutoka yaini hata kuanza kusokota kifuko chake, huongeza uzito wake mara 10,000 hivi, na kazi hiyo huimaliza kwa muda wa mwezi mmoja au pungufu. Kama mtoto wetu aliyezaliwa na kilo 3 angekua namna hiyo, angefikia tani 30. Lakini kula sana si kula ovyo.

Kando ya taya za kiwavi, kila upande, pana kiungo kidogo, na juu yake vimesimama vijiti viwili vidogo mno ambavyo jicho letu haliwezi kuvichunguza pasipo hadubini. Kila kijiti kina tundu nchani, na ndani yake zimo chembe nne za fahamu zilizowekwa kwa kazi ya kuonja. Vijiti viwili kuume, viwili kushoto, chembe nne kwa kila kimoja: jumla ni chembe 16. Zipo nyingine katika vipapasio vya kinywa na upande wa ndani wa mdomo wa juu, lakini hizi 16 ni walinzi wakubwa wa mlango. Sisi wanadamu tuna vinundu vya kuonja kwa maelfu ulimini, na bado twaletewa mboga tukauliza kama zina chumvi.

Kila chembe ina zamu yake. Kuna ile inayotambua sukari. Kuna ile ya chumvi. Kuna zile zinazotambua vitu vya lishe vingine vilivyomo katika utomvu wa jani. Na kuna zile zinazotambua uchungu na ukali. Kiwavi anapong'ata, utomvu wa jani huingia tunduni, na kila chembe iliyoguswa hupeleka habari kwa mapigo madogo ya umeme hadi kwenye fundo la fahamu lililo chini ya koo lake. Fundo hilo ndilo linaloendesha taya. Habari za utamu zikizidi, taya huendelea kutafuna. Habari za uchungu zikizidi, taya husimama, na kiwavi huinua kichwa akaondoka.

Lakini jambo hili halihusu utamu na uchungu peke yake. Mwaka 1910 mtaalamu wa mimea wa Uholanzi, Eduard Verschaffelt, alifanya jaribio lililo rahisi hata mtoto wa shule aweza kulielewa. Aliwachukua viwavi wa kipepeo mweupe wa kabeji, akawapa majani ya mimea wasiyoila. Wakayakataa. Kisha aliyapaka majani ya namna hiyo sinigrini, yaani kitu kile kinachozaa ukali wa haradali, kilichomo katika jamii ya kabeji. Viwavi wakayala. Hapo ilidhihirika kwamba kiwavi hakulijua jani kwa umbo wala kwa rangi yake, bali kwa ladha yake.

Nasi tutafakari kidogo. Mmea hutengeneza ukali ule ili kuwafukuza wadudu, na kweli wengi hufukuzika. Bali kiwavi wa kabeji ameuzoea tangu vizazi vingi, hata umekuwa kwake alama ya kumwambia kwamba amefika nyumbani. Kinachomkimbiza jirani ndicho kinachomkaribisha yeye.

Je, walinzi hao wakiondolewa, itakuwaje? Mwaka 1961 wataalamu wawili wa Marekani, Gilbert Waldbauer na Gottfried Fraenkel, waliwachukua viwavi wa tumbaku, ambao kwa desturi hula tumbaku, nyanya, viazi na jamaa zake tu, wakawaondolea viungo vile vya kando ya taya. Viwavi hao wakaanza kula majani ya mimea waliyokuwa wakiikataa. Na mwaka 2019 wataalamu wa China walitoa habari za kiwavi wa hariri, ambaye kila mtu ajua kwamba chakula chake ni jani la mforosadi. Waliharibu jeni moja tu miongoni mwa jeni zake za kuonja, nayo ni ile iitwayo GR66. Kiwavi yule akaanza kula matunda na hata nafaka, vitu ambavyo ndugu zake hawavili. Basi, uchaguzi wa kiwavi kwa sehemu kubwa ni kazi ya walinzi wenye kukataa. Mlinzi mmoja akinyamaza, mlango huwa wazi kwa wageni.

NJAA HUSEMA NA UBONGO

Msomaji mwangalifu atauliza: kama ladha ndiyo inayotawala, mbona kiwavi aliye juu ya jani lake zuri hali mchana kutwa? Hula kidogo, akapumzika, akala tena. Jani ni lile lile, na ladha ni ile ile. Kilichobadilika kimo ndani yake.

Ni kweli. Juu ya habari zitokazo kinywani, ubongo wa kiwavi hupokea habari zitokazo tumboni na katika damu, na habari hizo huchukuliwa na kemikali mbalimbali kama barua zichukuliwavyo na matarishi. Mwaka 2011 wataalamu wa Japani walieleza habari za tarishi mmoja waliyemkuta katika damu ya kiwavi wa hariri, wakamwita HemaP. Kiwavi akinyimwa chakula, HemaP huongezeka katika damu yake, naye huanza kutembea na kung'ata-ng'ata akitafuta. Akilishwa, HemaP hupungua ikarudi kiasi chake cha kawaida. Kumbe njaa ya mdudu huyu yaweza kupimwa katika damu.

Tena njaa yenyewe si ya namna moja. Mwaka 1984 Waldbauer na wenzake waliwapa viwavi wa magunzi ya mahindi vyakula viwili: kimoja kilikuwa na protini pasipo sukari, na kingine sukari pasipo protini. Viwavi hawakuchagua kimoja na kuacha kingine. Walikwenda huku na huku, wakajipatia mchanganyiko wa karibu sehemu nne za protini kwa sehemu moja ya sukari, na mchanganyiko huo uliwafaa kwa kukua. Mwaka 1988 wataalamu hao walionyesha kwamba katika kupima huko imo kazi ya serotonini, kemikali ya ubongo ambayo hata sisi wanadamu tunayo, na iliyo nyingi zaidi katika matumbo yetu kuliko kichwani.

Nao wataalamu wa Uingereza walichunguza kiwavi wa pamba wa Misri, wakatoa habari zao mwaka 1992. Kiwavi aliyekosa sukari katika chakula chake, chembe zake za kuonja zilizidi kuitikia sukari. Aliyekosa protini, chembe zake zilizidi kuitikia vitu vile vinavyojenga protini. Maana yake ni kwamba tumbo halingoji kuulizwa. Hutuma amri hadi kinywani, likawaambia walinzi ni mgeni gani wa kukaribishwa leo. Wahenga wetu hawakuwa na hadubini, lakini walikwisha kujua kwamba chakula kitamu ni njaa.

MAZOEA, MARADHI NA ADUI WA NDANI

Walinzi hao huzoea pia. Mwaka 2001 John Glendinning na wenzake walieleza jinsi kiwavi wa tumbaku alivyopewa chakula chenye kafeini, ile iliyomo katika kahawa, ambayo kwake ni chungu. Mwanzoni alikikataa. Lakini alipoendelea kuwekwa nacho, chembe zake za uchungu zilipunguza kelele kwa habari ya kafeini, naye akala. Mwaka huo huo wataalamu wengine walionyesha kwamba kiwavi huyo akilelewa kwa chakula kisicho cha jamii ya viazi na nyanya, hukubali mimea mingi. Bali akiisha kuizoea jamii hiyo, huitafuta kemikali moja iliyomo ndani yake, na asipoikuta hukataa kula. Amekuwa mateka wa ladha aliyolelewa nayo. Wazazi wenye watoto wasiotaka mboga ila za aina moja watatuelewa.

La ajabu zaidi ni hili. Kule Arizona, Marekani, wako viwavi wenye manyoya ambao huingiliwa na mabuu ya nzi, yakawala kutoka ndani. Mwaka 2005 Elizabeth Bernays na Michael Singer walieleza kwamba kiwavi aliyeingiliwa na mabuu hayo hubadilika kinywa: chembe zake huitikia kwa nguvu zaidi sumu fulani iliyomo katika mimea, naye huila zaidi. Mwaka 2009 ikathibitika kwamba sumu hiyo humwongezea mgonjwa nafasi ya kupona, bali humdhuru kiwavi mzima. Yaani maradhi yenyewe yamemfanya mgonjwa apende dawa.

Pengine adui wa ndani hushika usukani kabisa. Yuko nyigu mdogo atagaye mayai ndani ya kiwavi wa tumbaku. Watoto wa nyigu wakiisha kukua hutoboa ngozi ya kiwavi, wakasokota vifuko vyao mgongoni pake. Kiwavi bado yu hai, amesimama juu ya jani, wala hali tena hata afe. Mwaka 1997 Shelley Adamo na wenzake walipima damu ya viwavi hao, wakakuta kwamba wakati ule ule wanapoacha kula, oktopamini, nayo ni kemikali ya fahamu za wadudu, huwa imepanda sana. Kikulacho ki nguoni mwako, asema Mswahili; na kwa kiwavi huyu neno hilo ni kweli tupu.

NAMNA YA KUFUNGA KINYWA

Sasa turudi shambani kwetu, kwa kuwa elimu hii ina mizizi hata hapa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1970 Mkenya Thomas Odhiambo alianzisha Nairobi kituo cha kuchunguza wadudu, kiitwacho ICIPE. Katika kazi zilizohusiana na kituo hicho, wanakemia Isao Kubo na Koji Nakanishi walichunguza gome la mti ambao Wagikuyu huuita muthiga na Wamasai osokonoi. Gome hilo ni kali kama pilipili, na wazee hulitafuna kwa kikohozi na maumivu ya meno. Mwaka 1976 walitangaza kwamba wamepata ndani yake kitu walichokiita warburganali. Jani la mahindi lililopakwa kitu hicho, hata kwa kiasi kidogo mno, lilikataliwa na viwavijeshi. Mwaka uliofuata, mtaalamu Wei-Chun Ma alieleza sababu yake: warburganali huziba chembe za kuonja zisiweze kuitikia sukari. Chakula kipo kinywani, bali habari za utamu hazifiki ubongoni. Na taya zisizopata habari husimama.

Hatuwashauri wasomaji wakachune magome ya miti hiyo, kwa sababu imekwisha kuchunwa kupita kiasi katika mahali pengi. Lakini karibu na nyumba za wengi wetu, hasa pwani na nchi za joto, umesimama mwarobaini. Mwaka 1959 Mjerumani Heinrich Schmutterer, akiwa Sudani, aliona nzige wakila kila kitu isipokuwa miti hiyo. Mwaka 1968 wanakemia wa Uingereza walitenga kutoka mbegu zake kitu kinachoitwa azadiraktini. Kitu hiki hufanya kazi mbili. Kwanza huziamsha chembe za uchungu kinywani, na viwavi wa aina nyingi hukataa kula. Pili, kikiingia mwilini huvuruga vichocheo vinavyoongoza kujivua ngozi, hata kiwavi asiweze kukua.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mkulima hunyunyiza maji ya mwarobaini jioni. Asubuhi huenda kuhesabu mizoga, asione hata mmoja. Husema, "Haya ni maji matupu," akatupa ndoo, akaenda kukopa fedha za kununua sumu kali. Alihesabu kitu kisicho chake kuhesabiwa. Dawa ya namna hii kazi yake ya kwanza ni kunyamazisha taya. Atazame majani machanga yanayochipuka katikati ya mmea baada ya siku kadhaa: kama hayana matundu mapya, dawa imefanya kazi, ijapokuwa kiwavi bado anaonekana akitambaa.

Na lile somo la mazoea lisisahauliwe. Mwaka 1996 wataalamu wawili wa Kanada, Michael Bomford na Murray Isman, waliwajaribu viwavi wa Asia walio jamaa wa viwavijeshi wetu. Waliopewa azadiraktini iliyosafishwa peke yake waliizoea, wakapunguza kuikataa. Waliopewa maji ya mbegu nzima za mwarobaini, yenye azadiraktini kiasi kile kile pamoja na vitu vingine vingi vya mbegu, hawakuyazoea. Mlinzi mmoja aweza kuchoshwa na sauti moja. Sauti nyingi kwa pamoja hazimpi nafasi ya kuzoea. Basi mbegu iliyotwangwa nyumbani ina nguvu yake, tusiidharau kwa sababu haikutoka dukani.

Namna ya kutengeneza ni hii. Zikusanywe mbegu zilizokomaa, zikaushwe kivulini, ziambuliwe maganda, zitwangwe. Gramu 50 za unga huo zilowekwe usiku kucha katika lita moja ya maji, kisha yachujwe kwa kitambaa. Yanyunyizwe jioni, kwa kuwa jua kali huiharibu dawa hii upesi, na katika mahindi yaelekezwe ndani ya kikonyo cha majani ya juu, anapojificha kiwavi. Mbegu na maji yake viwekwe mbali na watoto, wala asipewe mtu kunywa.

Yatupasa kuongeza onyo moja. Tangu mwaka 2016 Afrika imeingiliwa na kiwavijeshi mwingine kutoka Amerika, naye amekwisha kufika katika nchi zetu za Kenya, Uganda na Tanzania. Huyu hupenda mahindi, lakini mimea inayojulikana kuliwa naye ni zaidi ya aina 350. Wataalamu waliosoma jeni zake mwaka 2017 walihesabu jeni 231 za kuonja, hali zile za kiwavi wa hariri, mla jani moja, hazifiki hata 100. Kwa adui huyu, maharage pembeni hayawi salama kwa sababu ya jina lake tu. Akiisha kuwa mkubwa na kujichimbia ndani ya mmea, dawa yo yote humfikia kwa shida. Kwa hiyo mahindi machanga yakaguliwe mara mbili kwa juma. Watoto wenye macho makali wafundishwe kutafuta mayai yaliyofunikwa kwa manyoya, na vile vidirisha vyeupe ambavyo viwavi wadogo huviacha jani likikwanguliwa. Mayai yapondwe kwa vidole siku hiyo hiyo, na dawa inyunyizwe viwavi wakingali wadogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mnyama aliye mdogo kuliko kidole chetu amepewa chembe chache za kuonja, damu yenye kuhesabu njaa na ubongo mdogo wa kupima habari zote mbili, na kwa hivyo ameweza kuzila ghala zetu kabla hazijajengwa. Sisi tumepewa zaidi ya hayo. Jioni ya leo, baba au mama atakapopita shambani na watoto, asimame mbele ya shina moja la mahindi, atafute kiwavi mmoja, amtazame anavyolipapasa jani kabla ya kung'ata. Hapo ndipo vita vya shamba lake vinapoanzia.